Sarafu nne za nikeli za Marekani kwenye kopo la babu: nizitambue vipi?

Mjukuu wa Mpishi, Kirumba

Habari zenu wanajukwaa, na shikamooni wote mlionizidi umri.

Ninaandika kutoka Kirumba, Mwanza. Babu yangu mzaa mama alifariki mwaka juzi huko Musoma, ambako kwa miaka mingi alikuwa mpishi katika nyumba ya mapadri, na miongoni mwa vitu alivyoniachia ni kopo la biskuti lililojaa sarafu. Nyingi nilizitambua bila shida: senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, heller za enzi ya Wajerumani, na shilingi zetu za kuanzia mwaka 1966. Chini kabisa ya kopo, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, nilikuta sarafu nne za Marekani ambazo sikuwahi kuona mfano wake. Mama anasema kuna padri Mmarekani aliyekuwa akimletea babu sarafu kila aliporudi kutoka likizo, kwa sababu alijua kuwa babu anazipenda.

Ya kwanza ni ndogo kuliko zote, ina kichwa cha mwanamke upande mmoja na upande wa pili alama ya III ndani ya shada la majani, na mwaka wake ni 1865. Ya pili ina ngao upande wa mbele na mwaka 1866, na upande wa nyuma ina tarakimu 5 iliyozungukwa na nyota, huku katikati ya nyota na nyota kukiwa na mistari kama miale ya jua. Ya tatu inafanana na ya pili isipokuwa haina miale, na mwaka wake umelika: ninaona 18, kisha tarakimu iliyofutika, kisha 8. Ya nne ina kichwa cha mwanamke na mwaka 1883, nyuma yake kuna alama kubwa ya V, na rangi yake ni ya manjano kama dhahabu, ingawa kwenye ukingo manjano hayo yamebanduka kidogo.

Nilimwonyesha dalali mmoja hapa mjini, naye akasema hiyo ya manjano ni dhahabu, kwamba yuko tayari kuzichukua zote nne kwa mkupuo, na kwamba kwanza nizisugue kwa limau na majivu ili zing'ae. Sikumpa, kwa sababu moyo wangu ulisita. Ninaomba kujua ni sarafu gani hizi, kama kuna adimu kati yake, na kama ni kweli nizisugue. Zaidi ya hayo, tangu nilipozipata nimetamani kuendelea pale babu alipoishia na kukusanya sarafu za nikeli za Marekani za karne ile, hata kama itakuwa moja kwa mwaka, na ningependa kujua mtu wa kipato changu aanzie wapi.

Mwalimu Mstaafu, Nansio

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na babu. Kabla sijasema lolote kuhusu thamani, ninakuomba sana usizisugue kwa limau, majivu, magadi, dawa ya meno wala kitu kingine chochote. Ule utando wa kijivu au wa hudhurungi unaoonekana kama uchafu umejengeka taratibu kwa miaka zaidi ya mia moja, na mkusanyaji anayejua kazi yake huutafuta kwa sababu unamwambia kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Ukiuondoa mara moja haurudi tena, na mikwaruzo midogo ya majivu itaonekana chini ya lenzi milele. Nimeona sarafu ya heller iliyopoteza nusu ya thamani yake kwa dakika tano za kusuguliwa na mtu aliyekuwa na nia njema kabisa.

Sasa nizieleze moja moja, na nitaanza na chanzo chake, kwa kuwa mtu akijua kwa nini sarafu ilitengenezwa huwa amepata nusu ya njia ya kuikagua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, watu walianza kuficha dhahabu, kisha fedha, na kufikia katikati ya mwaka 1862 hata sarafu ndogo za fedha zilikuwa zimetoweka madukani. Serikali ikalazimika kuchapa noti ndogo za thamani ya senti, zikiwemo za senti tatu, ambazo zilichakaa upesi na kuchukiza watu. Ndiyo maana tarehe 3 Machi 1865 Bunge lao likaidhinisha sarafu ya senti tatu yenye shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, madini ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyaficha chini ya godoro. Ukiuliza kwa nini senti tatu, jibu liko posta: tangu mwaka 1851 stempu ya barua ya kawaida ilikuwa senti tatu. Gharama hiyo iliposhushwa hadi senti mbili mwaka 1883, sarafu hii ikakosa kazi, na mwaka 1889 ukawa wa mwisho kuitengeneza. Yako ya 1865 ni ya mwaka wa kwanza, jambo linaloipa heshima, lakini mwaka huo zilitolewa zaidi ya milioni 11, kwa hiyo si adimu.

Ya pili, yenye ngao na miale, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Sheria ya tarehe 16 Mei 1866 ilianzisha senti tano ya mchanganyiko uleule wa shaba na nikeli, ikiwa na uzito wa gramu 5, na mchoraji wake ni James B. Longacre, yuleyule aliyechora ile ya senti tatu. Nyuma ya jambo hili alikuwepo mfanyabiashara Joseph Wharton, mwenye mgodi wa nikeli huko Pennsylvania, ambaye aliwashawishi sana wabunge wakubali madini yake yaingie kwenye sarafu. Sisi tunaosikia habari za nikeli ya Kabanga kule Ngara tunaweza kuelewa vizuri jinsi madini yaliyo ardhini yanavyotafuta mlango wa kuingia katika sheria za nchi. Tatizo ni kwamba nikeli ni ngumu mno. Mihuri ya chuma iliyotumika kugongea sarafu hizi katika kiwanda cha Philadelphia ilipasuka haraka, na ile miale kati ya nyota iliongeza taabu, kwani chuma kililazimika kusukuma madini magumu yaingie kwenye mistari mingi membamba. Mapema mwaka 1867 miale ikaondolewa. Kwa hiyo sarafu yenye miale ni ya 1866 au ya mwanzoni mwa 1867 tu. Ukiikagua yako kwa lenzi usishangae kuona mistari myembamba iliyoinuka inayopita juu ya herufi, maana hiyo ni alama ya nyufa za muhuri uliogongea, wala si kasoro iliyotokea baadaye.

Ya tatu ndiyo inayonifanya niandike kwa uangalifu. Tarakimu iliyofutika ikiwa ni 6, sarafu yako ni ya 1868, mwaka ambao zilitolewa zaidi ya milioni 28, na utaipata kwa bei ndogo popote zinapouzwa. Ikiwa ni 7, ni ya 1878, na hapo hadithi inabadilika kabisa. Mwaka 1877 na mwaka 1878 kiwanda hakikutengeneza senti tano wala senti tatu za nikeli kwa ajili ya matumizi ya watu. Kilichotengenezwa ni zile zinazoitwa prufu, yaani sarafu zilizogongwa kwa uangalifu wa pekee kwa ajili ya wakusanyaji, zenye uso unaong'aa kama kioo. Za mwaka 1878 zilikuwa 2,350 tu, na za mwaka 1877 zilikuwa chache zaidi, takriban 510.

Usifurahi haraka, lakini pia usikate tamaa kabla ya kukagua. Prufu ilinunuliwa na mtu aliyejua kwamba ni ya kutunzwa, na kwa kawaida ilikaa sandukuni. Kwamba moja ilitumika dukani mpaka tarakimu ikafutika, kisha ikafika Musoma, ni jambo linalowezekana, ila ni la nadra mno. Zima taa ya juu, washa tochi ndogo kando ya sarafu ili mwanga upite chini chini juu ya uso wake, kisha uizungushe polepole. Katika mwanga wa namna hiyo tarakimu iliyolika huacha kivuli. Tafuta vitu viwili: kama kuna mstari mlalo juu ya tarakimu, na kama sehemu ya chini imefungwa kwa duara. Saba haina duara chini.

Ya nne nitaieleza kwa kifupi, maana nina hakika wengine wataiongelea. Si dhahabu.

Sonara wa Mtaani, Mwanza mjini

Ninaunga mkono maneno ya Mwalimu, na ninaongeza ya upande wa mizani, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Dada, usimruhusu mtu yeyote aikwangue hiyo ya manjano kwenye jiwe la kupimia wala kuidondoshea asidi. Hakuna haja. Sarafu ya dhahabu ya dola tano ya Marekani ya wakati huo ina uzito wa gramu 8.36 na kipenyo cha milimita 21.6, ilhali senti tano ya nikeli ya 1883 yenye kichwa cha mwanamke ina gramu 5 na kipenyo cha milimita 21.2. Utaona kwamba kwa kipenyo zinakaribiana hadi macho yanadanganyika, lakini kwa uzito hazikaribiani hata kidogo, na mizani yoyote ya sonara itakupa jibu kwa sekunde moja.

Historia yake ni hii. Mwaka 1883 walibadilisha umbo la senti tano, na mchoraji Charles Barber akaweka V nyuma, yaani tano kwa tarakimu za Kirumi, bila kuandika neno la senti mahali popote. Matapeli wakazipaka dhahabu, wengine wakachonga meno kwenye ukingo, maana ukingo wa nikeli hii ni laini na ule wa dhahabu una meno, kisha wakazitoa madukani kama dola tano. Kiwanda kililazimika kuongeza neno CENTS chini ya V mwaka huohuo. Tazama yako: kama chini ya V kuna maneno E PLURIBUS UNUM na hakuna CENTS, basi ni ya kundi la kwanza. Zile hazikuwa chache, ni zaidi ya milioni 5, na watu wengi walizihifadhi wakidhani zitafutwa, kwa hiyo mpaka leo nzuri zinapatikana. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba nyingi zilipakwa dhahabu miaka mingi baadaye ili ziuzwe kama kumbukumbu ya utapeli ule, na kwa hiyo rangi peke yake haithibitishi kwamba yako ilishiriki katika utapeli wa 1883.

Kuhusu uhalisi wa zote nne, pima hivi. Senti tatu iwe na gramu 1.94 na kipenyo cha milimita 17.9. Zenye ngao ziwe na gramu 5 na kipenyo cha milimita 20.5, na ikiwa imelika sana inaweza kupungua kidogo. Hakuna hata moja inayopaswa kuvutwa na sumaku, kwa sababu nikeli ikichanganywa na shaba kwa kiwango hicho hupoteza mvuto wake, na ikivutwa ujue ndani kuna chuma. Ukitaka uhakika zaidi, ifunge kwa uzi, itumbukize ndani ya kikombe cha maji kilichokaa juu ya mizani bila kugusa chini wala kando, na usome ongezeko: sarafu halisi ya gramu 5 itaonyesha takriban gramu 0.56. Ni njia tunayoitumia kila siku kwa dhahabu inayotoka Geita, na haiachi alama yoyote. Njoo na sarafu zako kwa sonara yeyote unayemwamini, umwombe akupimie mbele ya macho yako.

Mkusanyaji wa Bukoba

Nijibu sehemu ya swali ambayo haijaguswa, ya wapi aanzie. Mimi nilianza vibaya, kwa kununua kwanza kile kilichosifiwa kuliko vyote, yaani senti moja ya 1856 yenye tai anayeruka, ambayo ni miongoni mwa sarafu za kwanza za Marekani kuwa na nikeli, asilimia 12 kwa shaba asilimia 88. Niliuziwa kwa njia ya intaneti na mtu nisiyemfahamu, na nilipoipeleka kwa mjuzi aliniambia kwamba ilikuwa ya 1858 ambayo nane yake ya mwisho ilichongwa ikawa sita. Ni udanganyifu wa kawaida sana kwa sarafu hiyo, na ulinigharimu akiba ya miezi saba. Kwa hiyo ninaposoma kwamba una sarafu ambayo thamani yake yote imesimama juu ya tarakimu moja, ninaelewa vizuri sana mapigo ya moyo wako.

Ushauri wangu ni uanze na umbo kabla ya mwaka. Tayari una senti tatu, una ngao yenye miale, una ngao isiyo na miale, na una V isiyo na neno CENTS. Ukipata V yenye neno hilo ya mwaka wowote wa miaka ya 1890 utakuwa na mfano wa kila umbo kuu la nikeli ya senti tatu na senti tano ya karne ya 19, na hizo zilizolika kidogo si ghali. Baada ya hapo ndipo uangalie miaka migumu. Katika zenye ngao, ukiacha hizo prufu za 1877 na 1878, miaka ya 1879, 1880 na 1881 ndiyo ya kuogopa na kuheshimu. Ya 1880 zilizotolewa kwa matumizi ya kawaida zilikuwa 16,000 tu, idadi ambayo haitoshi hata kujaza viti vya uwanja wa Kirumba. Katika za V, mwaka mgumu ni 1885, ukifuatiwa na 1886. Sarafu yoyote ya miaka hiyo usiinunue ikiwa haijakaguliwa na kufungwa kwenye kasha na moja ya kampuni zinazotambulika, kama PCGS au NGC, na hata hapo linganisha namba ya kasha na ile iliyo kwenye tovuti yao, maana makasha nayo yanaghushiwa. Zinapanga hali ya sarafu kwa daraja la 1 hadi 70, na tofauti ya daraja chache huweza kubadilisha bei mara nyingi.

Halafu kuna unyevu wetu wa ziwani, ambao wenzetu wa bara wanausahau. Usiziweke kwenye mifuko ya plastiki laini yenye harufu, kwa kuwa baada ya muda plastiki hiyo hutoa majimaji ya kijani yanayokula shaba. Tumia vifuko vya karatasi ngumu au vikasha vya plastiki kavu, uvitie ndani ya kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ubadilishe vipakiti hivyo kila masika. Shika sarafu kwa ukingo tu.

Mjukuu wa Mpishi, Kirumba

Nawashukuru sana wote. Sikugusa limau wala majivu, na jana nilikwenda kwa sonara aliyekuwa rafiki wa marehemu baba, akanipimia nikiwa nimekaa mbele yake. Senti tatu ilisoma gramu 1.91. Ya 1866 ilisoma 4.95, na kwa lenzi yake niliiona mistari ile iliyoinuka, mmoja ukitoka kwenye nyota hadi kwenye herufi za neno STATES, kama Mwalimu alivyoeleza. Nilikaa naitazama muda mrefu, nikifikiria muhuri ule uliokuwa unapasuka siku sarafu hii inagongwa. Ya manjano ilisoma gramu 5.02, haina meno kwenye ukingo, na chini ya V kuna E PLURIBUS UNUM bila CENTS. Kwa hiyo dalali alikosea, au alitaka nikosee.

Usiku nilizima taa nikaikagua ile ya tatu kwa tochi ya simu. Mwanzoni niliona kitu kama mstari mlalo juu na mikono ikaanza kunitetemeka. Nilipoizungusha robo mzunguko mstari ule ukapotea, nikagundua ni mkwaruzo unaoendelea hadi kwenye ukingo wa ngao. Kisha chini ya tarakimu nikaona kivuli cha mviringo, hafifu lakini kamili, kimefunga pande zote. Niliwaamsha mama na mdogo wangu waangalie bila kuwaambia ninachotafuta, na wote wawili walisema sita.

Mwalimu, je, bado kuna sababu ya kuwa na shaka?

Mwalimu Mstaafu, Nansio

Hapana, mwanangu. Mviringo uliofungwa chini ni sita, na mkwaruzo unaovuka nje ya tarakimu si sehemu ya tarakimu. Ni 1868. Umefanya vizuri kuwauliza watu wasiojua jibu unalolitaka, kwa kuwa jicho lenye matumaini huona linachokitamani. Hata kiwanda chenyewe kiliwahi kuhangaika na jambo hili la tarakimu: mwaka 1873 tatu iliyochongwa mwanzoni ilikuwa imejikunja mno hadi ikafanana na nane, wakalazimika kuichonga upya ikiwa wazi zaidi, na leo wakusanyaji wanazitafuta zote mbili kama sarafu mbili tofauti.

Iandikie karatasi ndogo kila sarafu, uweke uzito, kipenyo, na jina la babu yako na la mji wa Musoma, kisha uihifadhi karatasi pamoja nayo. Na kile kitambaa usikitupe.

Mjukuu wa Mpishi, Kirumba

Karatasi nimeshaziandika, Mwalimu, na kitambaa nimekikunja ndani ya kopo. Nimeamua sarafu yangu ya kwanza ya kununua mwenyewe itakuwa ya 1867 yenye miale, ili niiweke kati ya zile mbili za babu. Ikipatikana nitarudi hapa na vipimo vyake kabla sijamlipa muuzaji.